Sikio la Kuazima

Utumwa ni wa aina nyingi, na si kila utumwa huonekana kwa macho. Upo utumwa wa shingo, ambao historia imekwisha kuulaani. Upo utumwa wa fikra, ambao waandishi wetu wamekuwa wakiupiga vita tangu Uhuru. Na upo utumwa wa sikio, ambao haujasemwa vya kutosha. Mwenye sikio la utumwa husikia muziki, lakini hathubutu kuamua kama ni mzuri mpaka aambiwe na mwingine. Makala haya yanakusudia kuuonyesha utumwa huo katika jambo ambalo wengi watalidharau kwa udogo wake: uchaguzi wa amplifaya ndogo ya gitaa, ile ya valvu, ya kupigia nyumbani.

Vijana wapigao gitaa, na hata walimu wao, huulizana: kati ya amplifaya ndogo za valvu, ipi ina sauti nzuri kupita zote? Jibu huwa limekwisha kupikwa mbali. Fender, huambiwa, ni safi na ina joto, Vox hulia kama kengele, Marshall huunguruma. Maneno hayo hurithishwa kama methali, na wenye kuyarithisha mara nyingi hawajapata kuvisikia vyombo hivyo vikiwekwa pamoja katika chumba kimoja. Msimamo wangu ni huu: swali hilo limekatwa mguu. Hakuna sauti ya amplifaya iliyo nzuri pasipo kutaja ni kwa muziki gani, katika chumba gani, na kwa sikio la nani. Anayejibu bila kuyataja hayo matatu hajatoa elimu, ametoa uvumi.

Chombo chenyewe

Haifai kuhukumu tusichokijua. Valvu ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa. Ndani yake mna waya unaowaka mwekundu, pamoja na vipande vya chuma vya kuupokea na kuuongoza umeme. Mwingereza John Ambrose Fleming alibuni valvu ya kwanza mwaka 1904. Mmarekani Lee de Forest akaiongezea kiungo cha tatu mwaka 1906, na kwa kiungo hicho umeme mdogo ukaweza kuuongoza umeme mkubwa. Hapo ndipo ukuzaji wa sauti kwa valvu ulipoanzia. Wazee wetu wanazikumbuka redio kubwa za mezani zilizohitaji kupata moto kwanza kabla ya kusema: hizo zilikuwa redio za valvu. Transista, iliyobuniwa katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1947, ilikuja kuzifukuza valvu katika redio za nyumbani. Katika amplifaya za gitaa haikuweza kuzifukuza, na mpaka leo valvu zinatengenezwa Urusi, Slovakia na China.

Kwa nini zimedumu? Si kwa ushirikina. Valvu inaposukumwa kupita uwezo wake haikati wimbi la sauti ghafla kama panga likatavyo muwa. Hulibonyeza pole pole, na sauti hunenepa kabla ya kuanza kukwaruza. Mpigaji akigusa uzi kwa upole, sauti hubaki safi, akiuchapa, hupasuka. Mkono wake ndio unaoamua. Tena, katika amplifaya nyingi za zamani hata kazi ya kuunyoosha umeme wa ndani hufanywa na valvu. Uzi ukichapwa kwa nguvu, umeme huo hushuka kidogo, kisha hurudi. Msikilizaji hudhani gitaa linavuta pumzi. Sifa hizi ni za kweli, na atakayezikana kwa kisingizio cha uzalendo atakuwa anapigana na maumbile.

Sasa tulinganishe. Fender Champ ilitoka katika kiwanda cha Leo Fender huko Fullerton, California. Yeye mwenyewe alianza akiwa fundi redio. Muundo wake unaosifiwa zaidi, wa miaka ya 1957 hadi 1964, una valvu tatu tu: moja ya kuunyoosha umeme, moja ya kuikuza sauti mwanzoni, na moja iitwayo 6V6 ya kuisukuma spika. Nguvu yake ni kama wati 5, spika yake ni ya inchi 8, na kitufe cha kuzungusha ni kimoja, cha sauti tu. Kikizungushwa kidogo, mlio huwa wazi na mwembamba. Kikizungushwa sana, mlio hujikunja na kuwa mnene. Chombo hicho kilikusudiwa wanafunzi wanaoanza. Hata hivyo Eric Clapton alitumia Champ studioni mwaka 1970, alipokuwa akirekodi na kundi la Derek and the Dominos huko Miami. Kifaa cha mwanafunzi kikasikika duniani kote.

Vox AC4 ilitoka Dartford, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nguvu yake ni kama wati 4, na valvu yake ya mwisho ni EL84, ambayo kampuni ya Philips ilianza kuitoa mwaka 1953. EL84 ni nyembamba kuliko 6V6, na hufika ukingoni mwa uwezo wake kwa kusukumwa kidogo tu. Kwa hiyo sauti za juu hung'aa mapema, na mkwaruzo hufika mapema pia. Toleo jipya la mwaka 2009, liitwalo AC4TV, lina swichi ya kupunguza nguvu toka wati 4 hadi wati 1, na tena hadi robo wati, ili mpigaji aupate mkwaruzo huo bila kuwaamsha majirani.

Ya tatu ni Fender Blues Junior, iliyoanza kuuzwa mwaka 1995: wati 15, spika ya inchi 12, na valvu mbili za EL84 zinazogawana kazi. Mgawanyo huo una matokeo yanayosikika. Kila sauti ya gitaa hufuatana na sauti ndogo za juu yake. Valvu moja ikifanya kazi peke yake na kuzidiwa, huongeza sauti zilizo sawa na oktavu ya sauti ya msingi, na sikio huziona tamu. Valvu mbili zikifanya kazi kwa kupokezana, sehemu kubwa ya nyongeza hizo hufutana zenyewe kwa zenyewe. Mlio huwa mkavu na mnyofu zaidi, na uwezo wa kubaki safi huongezeka. Halafu spika ya inchi 12 huzaa besi ambayo sanduku dogo la inchi 8 haliwezi kuizaa hata liombwe vipi.

Mpaka hapa tumo katika elimu. Mtu anayesema Champ ni nene, AC4 inang'aa, na Blues Junior ina upana, amesema jambo linaloweza kupimwa. Shida huanza pale maelezo yanapogeuzwa kuwa cheo, na cheo kinapovikwa bendera.

Bendera za uongo

Wafanyabiashara wametufundisha kwamba ipo sauti ya Kimarekani na ipo sauti ya Kiingereza, kama kwamba umeme una pasipoti. Hebu tuitazame historia. Mwaka 1962 duka la Jim Marshall, magharibi ya London, lilianza kutengeneza amplifaya iitwayo JTM45. Muundo wake wa ndani ulichukuliwa kutoka Fender Bassman, amplifaya ya Kimarekani. Vyombo vya Marekani vilikuwa ghali kwa wapigaji wa London; mafundi wa duka lile wakaufungua mmoja, wakautazama, wakatengeneza wao kwa vifaa walivyoweza kuvipata kwao, zikiwamo spika za Celestion. Huo ndio mzizi wa ile iitwayo sauti ya Kiingereza. Na Blues Junior, iliyo ya kampuni ya Kimarekani, inatumia valvu ile ile ambayo hutajwa kuwa roho ya sauti ya Kiingereza. Bendera iko wapi?

Mwalimu asiyeona somo katika kisa hiki na akisome tena. Wale mafundi wa London hawakukaa wakihesabu ubora wa Bassman kwa kukariri sifa zilizotoka California. Walisikiliza wapigaji wa mtaani kwao walitaka nini, wakabadili chombo kifuate muziki. Sisi tunapokariri kwamba sauti yao ndiyo kilele cha sauti zote, tunaiga matokeo yao na kuyaacha mazoea yaliyoyazaa. Tumeokota ganda tukaacha kiini.

Uongo wa wati

Upo uongo wa pili, nao ni wa ukubwa. Kijana huambiwa kwamba wati 5 ni mchezo wa watoto, na kwamba mwanamuziki wa kweli huanzia wati 50. Hesabu inamkanusha anayesema hivyo. Sikio halihesabu wati moja moja. Ili mlio uonekane umekuwa mkubwa maradufu, nguvu hupasa kuzidishwa karibu mara 10. Kwa hiyo amplifaya ya wati 50 husikika kubwa mara 2 tu kuliko ya wati 5, spika zikiwa sawa. Na spika zenyewe hazifanani: spika itoayo desibeli 100 kwa wati 1, umbali wa mita 1, huizidi ile itoayo desibeli 94 kwa kiasi ambacho kingehitaji nguvu mara 4. Wati 5 kwenye spika ya kwanza ni sawa na wati 20 kwenye spika ya pili. Anayenunua wati bila kuitazama spika amenunua debe, na debe tupu haliachi kuvuma.

Wanafunzi na waendelee na hesabu hiyo, maana inagusa afya yao. Wati 5 kwenye spika ya desibeli 94 hutoa karibu desibeli 101 kwa umbali wa mita 1. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu asisikilize desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hukatwa nusu. Toka 80 hadi 101 nusu hukatwa mara 7. Saa 40 zikikatwa hivyo hubaki dakika zisizofika 20 kwa wiki nzima. Hiyo ndiyo amplifaya inayoitwa ya watoto! Mtu anayempa kijana wati 50 chumbani hampi ukubwa. Anamnyang'anya masikio kabla hajayatumia.

Jambo hili lina upande mwingine ambao waandika sifa huupitia mbali. Sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu hupoteza besi, na kwa kiasi fulani sauti za juu kabisa, kuliko linavyopoteza zile za katikati. Fletcher na Munson walilithibitisha jambo hilo kwa vipimo mwaka 1933. Maana yake ni kwamba amplifaya iliyosifiwa jukwaani si hiyo hiyo ikifika chumbani. Imebaki na jina lake, mlio umebadilika. Hukumu ya jukwaa haiwezi kuwa hukumu ya nyumbani.

Kwa muziki gani?

Sasa tufike kwenye kiini. Karibu kila mlinganisho tunaoupokea huuliza jambo moja: ipi hukwaruza kwa utamu zaidi sauti ikiwa ndogo? Swali hilo ni halali kwa wenyewe. Muziki wa bluzi na roki ulikua pamoja na mkwaruzo huo, na gitaa moja likaachiwa uwanja mpana wa kulia peke yake. Je, gitaa letu nalo lilikua hivyo?

Muziki wa dansi wa Tanzania una umri mrefu. Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, Western Jazz mwaka 1959, NUTA Jazz mwaka 1964. Katika muziki huo, na katika ule wa ndugu zetu wa Kongo uliosafiri pamoja nao, gitaa ni mazungumzo. Solo husema, rizimu hujibu, gitaa la kati huwaunganisha, na besi huwashika wote chini. Kila sauti hupasa kutokea wazi, kusikika, na kuondoka upesi kumpisha mwenziwe. Hata kabla ya umeme kuenea, Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alikuwa akilifanya gitaa moja kavu liseme sauti mbili kwa wakati mmoja, na zote mbili zikisikika. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, alijulikana kwa solo iliyo wazi kama maneno ya mtu asemaye polepole.

Tia mkwaruzo mtamu katika magitaa matatu ya namna hiyo uone. Yatageuka uji. Hutajua yupi amesema na yupi amejibu. Sifa inayoipandisha amplifaya hadi kilele katika hukumu ya kuazima ndiyo inayoishusha katika muziki huu. Champ iliyozungushwa hadi mwisho ni furaha kwa mpiga bluzi na ni adha kwa mpiga rizimu. AC4 hung'aa vizuri kwa solo, almuradi kitufe kiachwe chini, pale ambapo valvu bado ina nafasi. Blues Junior, kwa wati zake 15 na spika pana, humpa mpiga rizimu usafi anaouhitaji, ingawa yule wa ng'ambo huweza kuilaumu kwa kuchelewa kukwaruza. Na tuseme bila kuona haya: mpigaji ambaye havuki mpaka wa usafi hafaidi sehemu kubwa ya ile sifa inayouzwa kwa jina la valvu. Amplifaya ndogo ya transista iliyo nzuri yaweza kumtosha kabisa. Kampuni ya Roland ya Japani ilipotoa amplifaya ya transista iitwayo JC-120 mwaka 1975, ilisifiwa kwa usafi, na sifa hiyo ingali hai. Kwa nguvu zake hiyo si ya nyumbani, lakini ni ushahidi kwamba usafi si mali ya valvu peke yake.

Majibu kwa wapinzani

Wapo watakaosema: gitaa ni la wageni, amplifaya ni ya wageni, basi ya nini kuzungumza utamaduni wa taifa hapo? Turudi kwenye ngoma na marimba tupumzike. Hawa wanadhani utamaduni ni ghala. Utamaduni ni kazi. Gitaa lilikuja bandarini bila lugha. Lugha yake ya dansi ilitungwa huku, na watu wa huku. Kumkabidhi mgeni hukumu ya sauti yake ni kuitupa kazi hiyo.

Wapo watakaosema: sikio halina taifa, sauti nzuri ni nzuri popote. Mawimbi ya sauti hayana taifa, nakubali. Hukumu hufundishwa. Mtoto aliyelelewa na taarabu na mtoto aliyelelewa na bendi ya tarumbeta hawaiti tamu kitu kimoja, na hakuna aliye kiziwi kati yao.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: kwamba mjadala huu ni wa anasa, kwani vijana wengi hawana amplifaya hata moja, sembuse ya valvu. Lakini tukumbuke. Katika miaka ya 1960 na 1970 bendi nyingi za Tanzania zilikuwa za mashirika, vyama na majeshi, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Utaratibu huo ulilea wanamuziki wengi na unastahili heshima yake. Hata hivyo mpigaji alipoiacha bendi aliondoka na vidole vyake tu. Chombo cha nyumbani, hata kiwe kidogo namna gani, humpa mtu saa za kujaribu, kukosea na kubuni bila kuomba ruhusa. Na kwa kuwa fedha ni chache, ndiyo sababu hasa ya kutozitumia kwa hukumu ya uvumi. Tajiri akikosea hununua nyingine. Klabu ya muziki ya shule ikikosea hukaa na kosa lake miaka kumi.

Tufanyeje?

Dawa ya sikio la kuazima ni kulizoeza sikio lenyewe. Mwalimu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa amplifaya zozote mbili atakazozipata, ya valvu na ya transista, au ndogo na kubwa. Azifunike kwa kitambaa, wanafunzi wasione majina. Atumie gitaa moja, mpigaji mmoja, chumba kimoja. Kwanza azisawazishe kwa ukubwa wa sauti, kwani iliyo kubwa kidogo hudhaniwa kuwa nzuri zaidi, na hila hiyo wauzaji wanaijua. Kisha mpigaji apige vitu vitatu: mwendo wa rizimu ya dansi, solo ya nyuzi za juu, na sauti moja moja zikiachwa zife zenyewe. Kila mwanafunzi aandike kwa Kiswahili alichokisikia, kabla ya kitambaa kuondolewa. Ndipo majina yafunuliwe. Wengi watashangaa, na mshangao huo ni mwanzo wa elimu.

Pamoja na hayo, tahadhari mbili. Amplifaya iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120 haichomekwi katika umeme wetu wa volti 230 bila transfoma ya kushusha, itaungua. Na ndani ya amplifaya ya valvu mna mamia ya volti, ambayo hubakia katika kapasita hata baada ya waya kuchomolewa. Asiye fundi asiifungue, maana inaweza kumwua.

Mwisho, nawaambia wale wanaoandika na kufundisha kwamba sauti bora imekwisha kujulikana na kilichobaki ni kuinunua: mnawadanganya vijana. Champ ina kazi yake, AC4 ina kazi yake, Blues Junior ina kazi yake, na transista nayo ina yake. Kazi ya kuamua ipi inafaa kwa rizimu ya dansi haikuachwa Fullerton wala Dartford. Haikufanyika huko, na haitafanyika huko. Ni yetu, na itafanywa na vijana walio tayari kufunga midomo, kufumba macho, na kusikiliza.